Kilima cha kwanza ni kizingiti cha nyumba
Wanawake, milima, na nafasi ya familia

Mwezi Mei 2013, katika siku mbili zilizofuatana, wanawake wawili wa Kiislamu walisimama juu ya kilele cha Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani. Tarehe 18 alikuwa Raha Moharrak wa Jeddah, mwanamke wa kwanza wa Saudi Arabia kufika hapo. Tarehe 19 alikuwa Samina Baig, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Pakistani. Mmoja alitoka katika mji wa bandari kwenye Bahari ya Shamu. Mwingine alizaliwa Shimshal, kijiji kilichojificha milimani kaskazini ya nchi yake. Wote wawili wamekanyaga pia ardhi yetu. Raha aliupanda Kilimanjaro mwaka 2011, ukiwa mlima wake mkubwa wa kwanza. Samina aliupanda mwaka 2014, alipokuwa akikamilisha vilele virefu zaidi vya mabara saba.

Habari za wanawake hawa zinaposimuliwa, jambo moja husahauliwa. Kila mmoja wao alianza safari yake kwa mtu wa nyumbani. Raha alipotaka kwenda Kilimanjaro, mtu wa kwanza aliyemkabili ni baba yake. Baba hakuridhika mwanzoni. Binti akamwandikia, akamweleza, na mwishowe baba akatoa radhi. Samina alifundishwa kupanda na kaka yake, Mirza Ali. Siku ya Everest, kaka huyo alisimama kabla ya kilele, akamwacha mdogo wake amalizie mwenyewe.

Ukurasa huu wa familia haumshauri binti yeyote aende Everest. Haja yetu ni ndogo na iko karibu zaidi: mwanamke wa mtaani kwetu, mwenye watoto watatu au mwanafunzi wa chuo, mjane au mchumba, apate asubuhi moja ya kupanda kilima pamoja na wenzake, arudi nyumbani akiwa na kitu ambacho hakuwa nacho alipotoka. Kitu hicho ni nini, na familia ina wajibu gani katika kukipata, ndiyo maswali tunayoyajadili leo.

Mwanamke na mlima si wageni

Wapo watakaosema kwamba kupanda milima ni desturi ya watalii. Tunawaomba wamkumbuke Bi. Hajar (a.s.), aliyekwenda na kurudi mara saba baina ya Safa na Marwa akimtafutia mwanawe maji. Kila anayehiji au kufanya umra, awe mfalme au mchuuzi, hufuata mwendo ambao mwanamke ndiye aliyeuanza.

Wamkumbuke pia Asmaa bint Abubakar (r.a.). Wakati wa Hijra, Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walipojificha siku tatu katika pango la mlima Thawr, masurufu yao yalipita mikononi mwa binti huyu, naye alikuwa mja mzito. Alipokosa kamba ya kufungia mfuko wa chakula, alipasua mkanda wake vipande viwili. Kwa tendo hilo historia inamjua hadi leo kwa lakabu ya Mwenye Mikanda Miwili.

Na hapa kwetu? Nenda Morogoro mapema asubuhi, utawaona wanawake wakishuka kutoka Uluguru na mizigo ya ndizi na mboga kichwani, wakielekea sokoni. Mchana wakiuza, jioni wakipanda tena. Usambara ni hivyo hivyo. Hakuna aliyepata kuwauliza kama mlima unamfaa mwanamke. Swali hilo huulizwa pale tu mwanamke anapopanda bila mzigo kichwani.

Mlima humpa nini mwanamke

Kujiamini hakuji kwa kuambiwa. Mtu aweza kusikia mawaidha mia moja kwamba ana uwezo, asiusadiki hata mmoja, kwa kuwa nafsi yake haijapata kuushuhudia. Mlima hutoa ushahidi huo. Mwanamke aliyezoea kupanda daladala hata kwa mwendo wa dakika kumi hufika kwenye mteremko wa kwanza, akahisi moyo ukimdunda, akasema, “Mimi siwezi, niacheni hapa.” Wenzake humsubiri. Hupumua, hunywa maji, huendelea hatua ishirini, husimama tena. Mwenda pole hajikwai. Baada ya saa mbili hugeuka nyuma, akaona mapaa ya mji yamekuwa madogo kama visanduku vya kiberiti, na hapo hutambua kwamba ni miguu yake ileile iliyomfikisha. Hakuna wa kumnyang’anya ujuzi huo.

Ujuzi huo hushuka naye. Kila mwaka tunasikia habari za wajane walioketi kimya katika vikao vya mirathi, haki yao iliyopangwa na Mwenyezi Mungu ikigawanywa mbele ya macho yao, kwa sababu hawakuthubutu kufungua kinywa. Tunasikia habari za akina mama walioogopa kumuuliza daktari swali la pili, au mwalimu sababu ya mtoto kufeli. Hatudai kwamba kilima kitamfundisha mtu sheria ya mirathi. Tunachosema ni kwamba mwanamke aliyekwisha kusema “siwezi” na baadaye akaweza, akiwa na mashahidi, hatalisadiki neno hilo upesi siku nyingine.

Faida ya pili ni jamaa anaowapata. Akina mama wetu wanakutana, ndiyo: harusini, misibani, katika vikoba na darasa za dini. Kote huko kuna heri. Lakini harusini kuna sare, na aliyekosa sare huketi nyuma. Katika kikoba kuna marejesho, na aliyekwama huanza kujificha. Njiani mlimani hakuna cha sare wala mchango. Mke wa mhasibu na muuza maandazi hula muhogo uleule wa kuchemsha, na anayeshikwa mkono leo kwenye utelezi ndiye atakayemshika mwenzake kesho. Desturi njema ya makundi haya ni kwamba mwendo wa wote hupimwa kwa aliye wa mwisho. Mmoja huongoza, mmoja hufunga msafara, mmoja huhesabu watu kila kituo, mmoja hubeba sanduku la huduma ya kwanza. Mwanamke ambaye kila siku huambiwa nini cha kufanya hukabidhiwa roho za wenzake kumi, naye huzirudisha salama. Milima haikutani, binadamu hukutana. Nasi tunaongeza kwamba wengine hukutana juu ya milima.

Mambo haya yamekwisha kujaribiwa kwingine. Nchini Uingereza, Amira Patel, Mwislamu anayevaa nikabu, alianzisha kundi liitwalo The Wanderlust Women, ambalo huwapeleka wanawake wa Kiislamu kutembea milimani wakiwa na sitara yao. Nchini Afghanistan, taasisi ya Ascend iliwafundisha wasichana wa Kabul kupanda milima, mafunzo yakienda sambamba na kuitumikia jamii. Agosti 2018 mmoja wao, Hanifa Yousoufi, alikuwa mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kufika juu ya Noshaq, mlima mrefu kuliko yote nchini humo, mita 7,492. Miaka mitatu baadaye utawala ulibadilika na michezo ya wanawake ikazuiwa. Wasichana wa Kabul wanatukumbusha kuwa nafasi tuliyo nayo sisi ni neema, na neema isiyotumiwa hailingani na shukrani.

Hofu za nyumbani na majibu yake

Hofu ya kwanza ni ya kisharia, na haifai kupuuzwa. Suala la mwanamke kusafiri na maharimu wake limeguswa waziwazi katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.), na wanazuoni wamelieleza kwa mapana. Kila familia imuulize sheikh wake. Hata hivyo, matembezi ya asubuhi hadi alasiri kando ya mji unaoishi si sawa na safari ya siku sita mbali na nyumbani. Na pale ambapo maharimu anahitajika, dawa iko mikononi mwa wanaume wenyewe: mume aende naye, au kaka, au mtoto wa kiume aliyebaleghe. Mtume (s.a.w.) alipata kushindana mbio na mkewe, Bi. Aisha (r.a.), wakiwa safarini, na mara ya kwanza Bi. Aisha ndiye aliyeshinda. Mume atakayetembea na mkewe kilimani hatakuwa ameanzisha jambo geni.

Hofu ya pili ni ya sitara. Suruali pana chini ya gauni lisilopita vifundo vya miguu, mtandio uliofungwa vizuri usiopeperuka, na viatu vyenye meno chini vinatosha. Baibui refu liburuzalo ardhini liachwe nyumbani, kwa kuwa hunasa kwenye mizizi na kumwangusha mtu. Kanga moja ndani ya mkoba haikosi kazi: ni mswala, ni pazia, ni shuka la aliyepigwa na baridi.

Hofu ya tatu ni ya usalama, nayo ni ya haki kabisa. Kundi lisiondoke bila mwongoza njia anayejulikana, bila kutoa taarifa kwa ofisi ya hifadhi au serikali ya kijiji, na bila mtu aliyebaki mjini akijua saa ya kurudi. Kuanza ni mapema, kabla jua halijakali. Asiachwe mtu peke yake nyuma, hata akisema yeye mwenyewe aachwe.

Hofu ya nne haisemwi kwa sauti: nani atapika, na watoto watakaa na nani? Jibu lake ni fupi. Ni siku moja, na baba yupo.

Pa kuanzia

Asiyepata kutembea saa moja aanze na saa moja mtaani kwake, mara tatu kwa wiki, kwa mwezi mzima. Baada ya hapo nchi hii ina ngazi za kila kiwango. Lushoto, matembezi ya kwenda Irente huishia kwenye jabali linalotazama nyika ya Umasai kwa chini, na kurudi ni siku hiyohiyo. Kutoka Morogoro mjini, njia ya Morningside kwenye Uluguru hupanda kwa saa chache hadi kwenye nyumba kongwe ya enzi ya Wajerumani. Udzungwa kuna maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170. Anayetamani kuuonja Kilimanjaro bila kulala huko aweza kutoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara, kilomita 8 hivi ndani ya msitu, akarudi kabla ya magharibi. Ndani ya hifadhi za taifa kuna kiingilio, na mwenyeji hulipa kidogo kuliko mgeni.

Wanaonuia kwenda juu zaidi wajue kwamba hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda. Katika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kila pumzi huleta takriban nusu ya oksijeni ipatikanayo Tanga au Zanzibar. Kuanzia mita 2,500 hivi, baadhi ya watu huumwa kichwa, huchafukwa na tumbo na kukosa usingizi. Ugonjwa huu hauangalii umri wala ushupavu. Wanaume wenye misuli huangushwa nao kila msimu. Mwenye dalili asipande zaidi, na zikizidi ashuke mara moja, hata kama ni usiku. Joto nalo hushuka kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, na nguo za pamba zikilowa jasho huleta baridi kali. Sweta la sufu ni bora.

Ibada hailegezwi kwa sababu ya mlima, bali sharia yenyewe imeleta wepesi. Asiye na maji, au anayechelea kudhurika kwayo, ana tayamamu. Aliyevaa khuffu akiwa na udhu ana ruhusa ya kupangusa juu yake: mkazi kwa siku moja na usiku wake, msafiri kwa siku tatu na usiku zake. Safari ikitimiza masharti, kuna kupunguza Sala na kuzikusanya. Mwenye kundi ajifunze hukumu hizi kabla ya kuondoka, azifundishe wenzake wakiwa wamepumzika njiani. Hilo nalo ni darasa.

Baada ya kushuka

Kundi lililopanda pamoja mara moja lisiachwe lisambae. Ndilo litakalojua, mmoja wao akijifungua, nani apeleke uji. Na mwingine akikaa eda, nani amnunulie mahitaji bila kuombwa. Likiwa na watu kumi tu wa namna hiyo, mtaa umepata nguzo.

Nawe ndugu msomaji ambaye ni baba, mume au kaka, hatukuombi fedha nyingi wala ruhusa ya mambo makubwa. Jumapili ijayo, baada ya kifungua kinywa, muulize mkeo, binti yako au dada yako kama angependa kupanda kilima kilicho karibu na kwenu, na angependa kwenda na nani. Msikilize hadi amalize. Akisema ndiyo, muulize anavaa kiatu namba ngapi.