Fahamu: Maji ya kunywa pale mafuriko yanapoikuta Songea

Songea ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ndipo visima vifupi na vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Matogoro hupokea tope na vinyesi, na kipindupindu kikapata njia.

Yaache maji yatuame, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Yakitakata machoni bado si salama, kwa kuwa kitambaa hakizuii virusi wala bakteria wengi.

Kuchemsha ndiyo njia ninayoiamini zaidi, na hakuna haja ya kumaliza kuni: yakishatokota kwa nguvu, dakika 1 inatosha. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka chini kidogo ya nyuzi 100, lakini vimelea hufa vilevile. Dakika 3 hushauriwa kwa walio juu ya mita 2,000.

Kuni zikiloa, tumia dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti na usubiri dakika 30. Au laza juani chupa angavu za plastiki zisizozidi lita 2 kwa saa 6. Mawingu yakitanda, siku 2 mfululizo.

Njia hizi haziondoi viuatilifu vya mashambani wala mafuta ya magari. Maji yanayonuka hivyo usiyanywe kabisa, hata yakichemshwa. Yaliyo salama yahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko na koki, kwa sababu kikombe kilichochovywa kwa mkono mchafu huyachafua upya.