Kuhamisha Hesabu za Alama Kutoka Excel Hadi Ruby

Wazazi wapokeapo ripoti za watoto wao mwisho wa muhula hutazama kwanza wastani, kisha daraja. Ni wachache waulizao namba hizo zilipikwa katika chungu gani. Kwa miaka mingi chungu hicho kimekuwa jedwali la Excel: mwalimu huandika alama katika visanduku, na kanuni zilizowekwa pembeni hufanya kazi iliyobaki. Sasa wanafunzi wetu wa chama cha kompyuta wanajifunza lugha ya Ruby, nao wameomba waziandike upya kanuni zile zile katika lugha hiyo. Mimi nafundisha hisabati, na nimeonelea vema nieleze hapa jambo lenyewe lilivyo, maana si kazi ya kunakili tu.

Ruby ilianza kutungwa mwaka 1993 na Mjapani aitwaye Yukihiro Matsumoto, naye akaitoa kwa watu wote mwaka 1995. Ni lugha nyepesi kusoma. Lakini kila lugha ina desturi zake, na alama moja yaweza kuwa na maana mbili kwa wenyeji wawili. Watu wa Sirari wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Ukitaja pale bei ya shilingi mia, utaulizwa, “Za wapi?” Neno ni moja, lakini shilingi ya Kenya si shilingi ya Tanzania, na asiyeuliza ataumia.

Hebu tuanze na alama ya kugawanya. Chukua mwanafunzi aliyepata 40, 47 na 47 katika majaribio matatu. Jumla yake ni 134. Katika Excel ukigawanya 134 kwa 3 utapata 44.67, na kanuni ya kukadiria, yaani ROUND, itaifanya 45. Kwa madaraja tunayotumia, alama 45 hadi 64 ni C, na 30 hadi 44 ni D. Basi mtoto huyu ana C.

Sasa andika 134 / 3 katika Ruby. Jibu ni 44. Ruby ikipewa namba mbili nzima hutoa jibu lililo namba nzima, na kilichobaki hukitupa. Ukikadiria baada ya hapo huambulii kitu, kwa kuwa sehemu ya kukadiriwa imekwisha potea. Mtoto yule yule, kwa majaribio yale yale, amekuwa na D. Wala kompyuta haikulalamika hata kidogo, imefanya ilivyoagizwa. Dawa yake ni kuandika 134 / 3.0, au 134.fdiv(3), ndipo utapata 44.67 na kuikadiria kwa .round. Katika kukadiria kwenyewe lugha hizi mbili hupatana: 44.5 huwa 45 kote kuwili. Lakini mtu akihamia Python asitegemee hivyo, maana huko round(44.5) hutoa 44.

Jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kisanduku kitupu. Mvua za masika zikijaza mito, mwanafunzi atokaye ng’ambo aweza kulikosa jaribio moja. Tuseme ana 58, 61 na 47, na mahali pa jaribio la tatu ni patupu. Kanuni ya AVERAGE katika Excel hukiruka kisanduku kitupu. Hujumlisha 166 na kugawanya kwa 3, ikapata 55.33. Katika Ruby pengo hilo huandikwa nil, na ukijaribu kujumlisha orodha yenye nil programu husimama papo hapo na kutoa kosa. Hapo ndipo kijana mwenye haraka hushawishika kuweka 0 badala ya nil ili programu iendelee. Programu itaendelea kweli, lakini itagawanya 166 kwa 4 na kutoa 41.5. Mtoto ameshuka kutoka C hadi D kwa sababu ya mto. Njia iliyo sawa ni kuziondoa nil kwanza kwa neno compact, kisha kugawanya kwa idadi ya alama zilizobaki. Kama shule inaamua kwamba aliyekosa bila ruhusa apewe sifuri, hiyo ni hukumu ya walimu, nayo iandikwe waziwazi katika daftari la alama. Isiamuliwe na programu kimyakimya.

Tatu ni kipeo. Katika Excel twaandika 2^3 tukipata 8. Katika Ruby kipeo ni nyota mbili, 2**3. Alama ile ya ^ ipo pia katika Ruby, lakini hulinganisha tarakimu za namba zikiwa zimeandikwa kwa sifuri na moja, na 2^3 hutoa 1. Tazama hatari yake katika hesabu ya fedha. Mtu ameweka shilingi 200,000 kwa riba ya 5 kwa 100 kila mwaka, kwa miaka 3, riba ikizaa riba. Kanuni ya Excel ni =200000*(1+5/100)^3, na jibu lake ni 231,525. Ondoa alama ya = ya mwanzo, kisha ubandike maneno hayo hayo katika Ruby: jibu ni 200,003! Kwanza 5/100 imekuwa sifuri, kisha ^ imefanya kazi isiyo yake. Ukisahihisha kipeo peke yake unapata 200,000, yaani riba yote imeyeyuka. Sharti usahihishe yote mawili: 200000 * (1 + 5/100.0)**3, kisha ukadirie.

Kuna vijimambo vingine vya kipeo. Excel husoma -2^2 kuwa 4, na Ruby husoma -2**2 kuwa -4. Excel husoma 2^3^2 kuanzia kushoto ikapata 64. Ruby huanzia kulia ikapata 512. Anayeweka mabano hana haja ya kuyakariri haya.

Logi nazo zina mtego. Jirani zetu wa Serengeti wana mfano mzuri. Mwaka 1961 nyumbu walikadiriwa kuwa kiasi cha 260,000. Baada ya chanjo ya ng’ombe kuondoa sotoka, walifika kama 1,300,000 mwaka 1977. Waliongezeka mara tano kwa miaka 16. Ili kupata kasi ya ukuaji twachukua logi asilia ya 5, yaani 1.609, tukagawanya kwa 16: ni kama 0.10, asilimia kumi kwa mwaka. Katika Excel logi asilia ni LN, na LOG ni ya kizio cha kumi. Katika Ruby Math.log ni logi asilia, na ya kizio cha kumi ni Math.log10. Anayeandika LOG(5) katika Excel hupata 0.699, na kasi yake huwa 0.044 tu. Kwa hiyo LN huhamia Math.log, na LOG huhamia Math.log10, ingawa masikio yetu yanataka kinyume.

Mwisho kuna alama ya =. Ndani ya IF ya Excel, = moja huuliza kama vitu viwili ni sawa. Katika Ruby = moja huweka thamani mpya; kuuliza ni ==.

Nimewaagiza vijana wa chama wasitumie programu yao kwa ripoti yoyote kabla ya kupitisha ndani yake alama za mihula miwili iliyopita, na kulinganisha kila mstari na jedwali la zamani. Mistari isiyolingana ichapishwe yenyewe, ikiwa na namba ya mtihani bila jina. Katika majaribio hayo waweke pia mtoto wa kubuni asiyefanya jaribio hata moja, kwani hapo Excel huandika #DIV/0! katika kisanduku, na programu yao haina budi kuwa na la kusema.