Nyama Laini kwa Makaa Machache: Mapishi ya Kichina katika Kikapu cha Unguja

Bila shaka unaijua jioni ya namna hii. Mama na baba wote wametoka kazini, watoto wanauliza chakula kitaiva saa ngapi, na nyama iliyonunuliwa Darajani asubuhi ni ya shingo, kwa kuwa ndiyo iliyolingana na mfuko. Sufuria inatelekwa, makaa yanaongezwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Saa mbili usiku nyama bado inavutana na meno, na babu amekwisha kata tamaa, amekula mkate kwa chai. Hapo lawama huanza: analaumiwa mwenye bucha, kisha analaumiwa mpishi. Kumbe mwenye kosa ni moto.

Nyama ya shingo, ya mguu na ya kidari hutoka katika viungo ambavyo ng'ombe huvitumia kutwa kwa kutembea na kuinamia majani. Kwa hiyo imejaa kano na ngozi nyembamba zinazoshika misuli. Kano hizo hazilainiki kwa ukali wa moto, bali kwa muda. Joto lililo chini kidogo ya kuchemka, likidumu saa kadhaa, huzigeuza ute laini, na ute huo ndio unaoupa mchuzi uzito. Tena yafaa kukumbuka kwamba maji yanayotokota kwa fujo hayana joto zaidi kuliko maji yanayotokota taratibu. Makaa yale ya ziada, uliyoyapandisha kwa taabu katika ngazi za nyumba ya Mji Mkongwe, huishia kuwa mvuke dirishani.

Wachina wameijua siri hii tangu zamani. Wana mapishi wayaitayo hong shao, yaani kupika hata chakula kiwe chekundu, ambamo nyama huungwa kwa sukari, tangawizi, viungo na sosi ya soya, kisha ikaachwa juu ya moto mdogo. Wengine hudhani kuwa mapishi ya Kichina ni nguruwe tu. Sivyo. Waislamu wa China, wakiwemo watu wa kabila la Hui, wamesifika kwa karne nyingi kwa kupika ng'ombe na kondoo, na supu ya tambi na nyama ya ng'ombe ya mji wa Lanzhou ni yao. Wapishi wengine hutia mvinyo. Sisi tumeuacha, na tangawizi na ndimu zatosha kuondoa shombo.

Wala ladha hii si ngeni kwetu. Vipande vya vyombo vya Kichina vya zaidi ya miaka 1,000 vimefukuliwa Unguja Ukuu. Kabla ya Mapinduzi ya 1964 palikuwa na familia za Kichina Mji Mkongwe zilizofanya biashara ya majongoo ya bahari, na tangu mwaka huo wa 1964 madaktari kutoka China wamekuwa wakija kututibu. Karafuu na mdalasini, vinavyotiwa katika mchanganyiko wao maarufu wa viungo vitano, sisi twavipata hapa hapa.

MAHITAJI (yatosha watu 6)

Nyama ya ng'ombe ya shingo, mguu au kidari, kilo 1
Vitunguu maji 2
Kitunguu thomu, chembe 6
Tangawizi mbichi, kipande cha urefu wa kidole
Karoti 3
Mdalasini, vijiti 2
Karafuu 3 tu, kwa kuwa zikizidi hutawala chungu kizima
Pilipili manga nzima, punje 10
Mbegu za shamari, kijiko 1 kidogo
Sukari, vijiko 2 vikubwa
Mafuta, vijiko 2 vikubwa
Sosi ya soya, vijiko 5 vikubwa
Maji ya moto, vikombe 3
Ndimu 1

Wachina hutumia pia tunda kavu lenye umbo la nyota, ambalo harufu yake inakaribiana na ya shamari. Ukilipata, tia moja badala ya shamari. Unaponunua sosi ya soya, soma karatasi ya chupa ujue kilichomo.

NAMNA YA KUPIKA

Kata nyama vipande vikubwa, kwani vidogo husinyaa. Ichemshe kwa dakika 5, mwaga maji pamoja na povu, kisha ichuje. Katika sufuria nzito pasha mafuta, tia sukari, koroga hata iwe na rangi ya asali. Usiondoke hapo, na watoto wakae mbali, kwani sukari ya moto huunguza vibaya, nayo ikiwa nyeusi huwa chungu. Tia nyama, geuza ipate rangi, kisha tia vitunguu, thomu, tangawizi na viungo. Mimina sosi ya soya na maji ya moto. Usitie chumvi sasa, kwani sosi ina chumvi nyingi.

Ikichemka, funika, punguza makaa, uiache itokote taratibu kwa dakika 45. Tia karoti. Ichemke tena barabara kwa dakika 5, na hapo makaa yamekwisha kazi yake: sufuria yenda kikapuni.

KIKAPU

Chukua kikapu kikubwa cha ukindu. Kitandike chini na ubavuni usumba mkavu, matambara au sufi kuukuu, unene wa vidole vinne, na uache nafasi ya kuienea sufuria. Shona mto wa sufi wa kufunikia juu. Futa masizi, izungushie sufuria kitambaa kizito, itumbukize ikiwa bado inatokota na kifuniko chake, ilalie mto. Bibi zetu walipopalia wali kwa makaa machache juu ya kifuniko walifuata hekima iyo hiyo, yaani kulizuia joto lisikimbie.

Iache saa 3, usifunue. Kila anayechungulia hulitoa nje joto lisilorudi. Aliyeweka kikapuni saa kumi na moja jioni atasali, atasimamia masomo ya watoto, na saa mbili usiku atafunua. Hapo irudishe jikoni, ichemke kwa dakika 10 bila kifuniko ili mchuzi uwe mzito, onja chumvi, kamulia ndimu, ule kwa wali mweupe.

Jambo moja usilisahau kabisa. Usilaze chakula kikapuni hadi asubuhi. Nyama ikifikia uvuguvugu ni makazi mema ya vijidudu vya maradhi. Ukifunua ukakuta sufuria si ya moto hata kidogo, usikionje wala usikipashe. Kimwage, na safari nyingine uongeze unene wa matandiko.

Aliye na chungu cha umeme cha kupikia polepole naye atafaidi. Baada ya kukaanga atie vyote humo kwa moto mdogo, kama saa 8. Lakini asikitupe kikapu. Mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mmoja bila umeme, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa giza miezi mitatu, kwa hitilafu katika njia ya umeme itokayo Bara. Kikapu hakina waya.

Basi, baba naye asione haya kushona mto wala kuichunga sukari, kwani makaa yanunuliwayo ni ya jasho la wote wawili. Na safari hii babu asipewe mkate na chai. Akatiwe kipande cha shingo, nanyi mtazame kama atahitaji kisu.