Mbweha 221 wa Lindi na Mtwara

Mbwa mwenye kichaa haji ofisini kujiandikisha. Ndiyo maana watafiti waliofuatilia ugonjwa wa kichaa cha mbwa katika mikoa ya Lindi na Mtwara, kuanzia Januari 2011 hadi Julai 2019, walianzia kwenye daftari za hospitali. Nani ameumwa na mnyama? Mnyama gani, katokea wapi, kamuuma nani mwingine? Kwa kufuata nyayo hizo kijiji hadi kijiji, waliwapata wanyama 549 walioelekea kuwa na kichaa: mbwa 303, mbweha 221, na waliosalia paka na wanyama wengine wa porini.

Aliyezoea takwimu za Serengeti, ambako mbwa wamewazidi wengine wote kwa mbali, lazima ashtushwe na mbweha hao. Tena theluthi moja hivi ya maambukizi ilikadiriwa kutoka kwa mnyama pori kwenda kwa mnyama pori mwenzake. Mtu angeweza kusema basi, kuchanja mbwa ni kupoteza fedha, ugonjwa umejichimbia msituni.

Sivyo ilivyokuwa. Katika miaka sita ya mwanzo mbwa walichanjwa kwa wingi, na wagonjwa wakapungua, binadamu kwa wanyama, mbweha wakiwemo. Mpango ulipokatika, kichaa kikaanza kupanda tena kwa mbwa wa wilaya mojawapo ya kaskazini mwa eneo hilo.

Chanjo ya mbwa hufaulu kwa sababu virusi vya kichaa haviambukizi kwa kasi tunayoidhania. Hupita kwenye mate, hupanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na mbwa akishaanza kuonyesha dalili hufa ndani ya siku chache. Kwa wastani huambukiza mwenzake mmoja na ushei tu. Mnyororo mwembamba hivyo hukatika upesi pale mbwa 70 katika kila 100 wanapokuwa na kinga. Kuwaua mbwa hakusaidii: nafasi zao huchukuliwa na wengine wasio na chanjo.

Ng'ombe akiumwa na mbwa mwenye kichaa, kwa kawaida ugonjwa huishia kwake, ila asichukuliwe kirahisi. Hutokwa udenda, hushindwa kumeza, hulia kwa sauti ya kukwama. Mfugaji hudhani amekabwa na kitu, humpanua mdomo na kuingiza mkono hadi kooni. Hapo ndipo mate hukutana na mchubuko wa kidole. Aliyefanya hivyo aoshe mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Kinachoangusha kampeni nyingi ni watoto wa mbwa. Mbwa wetu hawaishi sana na huzaana haraka, kwa hiyo kinga ya kijiji hushuka kila mwezi unaopita. Halafu siku ya chanjo wakubwa huletwa kwa kamba, wadogo huachwa nyumbani eti bado wachanga. Chanjo inawafaa hata kabla ya miezi 3. Wabebwe kwenye kikapu waje.