Mdosi Asiyeonekana: Kabla Hujasaini Ile Mboka ya Kompyuta, Soma Hii

Keti na vijana wa Majengo jioni pale nje ya kibanda cha mahamri na utasikia ndoto mbili. Ya kwanza ni kutoka nje ya nchi. Ya pili ni kupata mboka ya ofisi yenye kiyoyozi, kadi ya mlangoni na kompyuta. Ukilinganisha na kubeba marobota ya mitumba Gikomba au kugonga mabati Kamukunji kutwa nzima, nani atakulaumu? Kazi ya kompyuta haichafui shati. Mama akiulizwa na majirani anasema kwa raha, "Kijana wangu ako tech."

Shida ni kwamba neno "tech" linaficha mengi. Na hakuna mahali yamefichuka kama kwenye kesi ya Sama na Meta, ambayo imekuwa kortini hapa Nairobi tangu 2022. Kama unatafuta kazi za aina hii, hadithi hii ni yako hata kama hujawahi kukanyaga Mombasa Road.

Ilivyoanza

Sama zamani iliitwa Samasource. Ilianzishwa na Mmarekani, Leila Janah, mwaka 2008, kwa wazo tamu: badala ya kumpa maskini msaada, mpe kazi. Wasee wa mitaa kama Kibera na Mukuru wakaanza kupata kazi za kuwekea picha alama ili kompyuta ijifunze kutofautisha gari na mti. Tuseme ukweli, kuna familia zilizolipa kodi ya nyumba na karo kwa doo hizo.

Mwaka 2019 ikaja kazi nyingine: kuchuja maudhui ya Facebook kwa niaba ya kampuni ambayo leo inaitwa Meta. Hii sasa ni kuketi mbele ya skrini na kutazama kile ambacho watu wameripoti, kisha kuamua kibaki au kitolewe. Kwa sababu Nairobi ilihudumia lugha nyingi za Afrika, waliletwa watu kutoka Ethiopia, Uganda, Afrika Kusini na kwingineko.

Mmoja wao alikuwa Daniel Motaung wa Afrika Kusini. Video ya kwanza anayoikumbuka ilikuwa ya mtu akikatwa kichwa. Mwaka huo huo wa 2019 alijaribu kuwaunganisha wenzake zaidi ya 100 kudai malipo na hali bora. Akafutwa. Februari 2022 jarida la Marekani la TIME lilichapisha habari yake, na Mei mwaka huo akawashtaki Sama na Meta katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Maisha ndani ya ofisi

Hebu tuangalie waliyosimulia wafanyakazi, maana ndipo utamaduni wa kazi unapoonekana.

Kwanza, jina la kazi. Baadhi walisema tangazo waliloitikia lilikuwa la wakala wa kituo cha simu. Ukweli wa kazi wakaujua baada ya kusaini, na wengine tayari walikuwa wamesafiri kutoka nchi zao. Ukishahama na kibali chako cha kuishi hapa kinategemea mwajiri, kusema "sitaki" si rahisi.

Pili, saa. TIME iliripoti kuwa mfanyakazi alitarajiwa kuamua kuhusu kila posti kwa takriban sekunde 50, hata kama video yenyewe ni ndefu. Kompyuta inahesabu. Ukienda choo, inahesabu. Ukitazama ukutani dakika mbili kwa sababu umeona mtoto akifanyiwa unyama, hiyo pia inahesabiwa kama muda usiozalisha.

Tatu, doo. Waliolipwa kidogo zaidi walikuwa wakibaki na kama dola 1.50 kwa saa, yaani shilingi 170 hivi kwa bei ya wakati huo. Baada ya habari kutoka, Sama ikaongeza mishahara. Halafu Januari 2023 TIME ikaripoti mkataba mwingine: kati ya Novemba 2021 na Februari 2022, wafanyakazi wa Sama walisoma maandishi machafu ili kusaidia OpenAI kufanya ChatGPT iwe na adabu. Walibaki na chini ya dola 2 kwa saa, wakati mkataba ulitaja dola 12.50 kwa saa. Sama ilijitetea kwamba pesa hizo zililipia gharama nyingine pia, si mshahara peke yake.

Nne, ukimya. Unasaini karatasi ya siri, kwa hivyo huwezi kumwambia hata mke wako umeona nini leo. Unarudi kejani na kichwa kimejaa damu na unaulizwa, "Mbona umenyamaza?"

Sama ilikana makosa na kusema ilitoa washauri wa afya ya akili. Meta nayo ilisema inawataka wanakandarasi wake kutoa msaada huo. Wafanyakazi walijibu kwamba ushauri huo haukutosha. Desemba 2024 ripoti za matibabu ziliwasilishwa kortini: Dkt Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, alikuwa amewapima wafanyakazi hao, na zaidi ya 140 walipatikana na msongo wa mawazo unaotokana na kiwewe. Hao ni watu walioenda kazini asubuhi wakiwa na kadi shingoni na shati safi.

"Sisi si waajiri wao"

Hapa ndipo penye funzo kubwa. Januari 2023 Sama ilitangaza inaacha kazi ya kuchuja maudhui, na watu 260 wakaambiwa kazi imeisha. Kazi ikahamia kampuni nyingine, Majorel. Zaidi ya wafanyakazi 180 wakaenda kortini wakidai walifutwa kinyume cha sheria na kwamba waliwekewa kizuizi wasichukuliwe na kampuni hiyo mpya. Kampuni zilikana.

Jibu la Meta lilikuwa fupi: sisi si waajiri wao, hatuna ofisi Kenya, korti ya Kenya haina mamlaka juu yetu. Fikiria hilo vizuri. Sheria za kazi zinatoka kwa Meta. Maudhui ni ya Meta. Mfumo unaofungua kila asubuhi ni wa Meta. Lakini siku ya kulaumiwa, mdosi anageuka hewa.

Korti haikununua hiyo. Februari 2023 Jaji Jakob Gakeri aliamua kuwa Meta inaweza kushtakiwa hapa. Mazungumzo ya nje ya mahakama yakavunjika Oktoba 2023. Tarehe 20 Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana kuwa kesi ziendelee. Hilo halimaanishi wafanyakazi wameshinda. Linamaanisha mdosi asiyeonekana anaweza kuitwa kujibu, na kwa kampuni zinazotuma kazi huku kutoka ng'ambo, hiyo ni habari nzito.

Agosti 2023 hata mkuu wa Sama, Wendy Gonzalez, aliiambia BBC kuwa anajutia kuchukua kazi ile. Gava nayo inaangalia upande mwingine: inataka kazi hizi ziwe nyingi zaidi, na Desemba 2024 Rais William Ruto alizungumza hadharani kuhusu kubadilisha sheria ili kampuni za aina hii zisisumbuliwe kortini. Kazi tunazitaka. Swali ni kama lazima zije bila mtu wa kuuliza.

Eastlands inalijua hili

Kuna watu watakuambia vijana wa siku hizi ni laini, kwamba kuketi kwenye kompyuta si kazi ya kulalamikia. Waambie wakaulize wazee. Mei Mosi 1949 Makhan Singh na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi hapa Nairobi. Walipokamatwa Mei 1950, wafanyakazi wa jiji hili waligoma kwa zaidi ya wiki moja. Walikuwa watu wa mitaa kama yetu, wabeba mizigo, wapishi na madereva, na wao pia waliambiwa washukuru kuwa wana kazi.

Mei Mosi 2023, miaka 74 baadaye, wafanyakazi zaidi ya 150 waliochujia maudhui Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana katika hoteli moja hapa Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao cha wachujaji maudhui wa Afrika. Motaung aliyefutwa kwa kujaribu jambo hilo hilo 2019 alikuwa akilifuatilia.

Ukiitwa intavyu

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua ile njaa ya kusaini chochote kinacholetwa. Niliwahi kufanya kibarua cha kuwekea picha alama kupitia kampuni ambayo sitaitaja, na malipo ya wiki mbili za mwisho sijayaona hadi leo. Nilipopiga simu, kila mtu alisema mwenye pesa ni mwingine. Kwa hivyo uliza haya mapema.

Mwajiri wako ni nani kwa jina, na ana ofisi wapi? Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, na jina la mwajiri liwe ndani, pamoja na saa za kazi na mshahara.

Utatazama nini hasa? Usikubali "maudhui ya mtandaoni" kama jibu. Uliza kama kuna vurugu, unyanyasaji wa watoto, watu wakijiua. Halafu uliza nani atakushughulikia ukishindwa kulala.

Unapunguzwaje? Kampuni ikisema kazi imeisha, sheria inataka notisi ya mwezi mmoja na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka uliofanya kazi.

Na chama? Kifungu cha 41 cha Katiba kinakupa haki ya kuunda au kujiunga na chama cha wafanyakazi, na haki ya kugoma. Karatasi ya siri haifuti Katiba.

Piga picha kila ukurasa unaosaini na umtumie mtu unayemwamini. Siku mdosi atakapogeuka hewa, hiyo ndiyo itakayoonyesha alikuwepo.