Siku ya tatu mpe jembe: yale tuliyoyaona katika njia ya Dar es Salaam



Wengi walituuliza kwa nini Mama Mapasa alirudi mwembamba kutoka safari ya Dar es Salaam, na kwa nini sisi wawili tuliokwenda naye hatukupenda kuzungumza juu ya safari hiyo. Leo tunajibu. Mama Mapasa alisomewa maneno haya yote na akayakubali. Alisema: «Andikeni tu, labda litamsaidia mwingine.»

Tulikuwa watatu. Tulibeba feza ya likelemba ya wamama 12 ili tununue vitenge, viatu vya watoto na mikoba kule Kariakoo. Kila mama alitoa sehemu yake kidogo kidogo: huyu kwa kuuza unga, yule kwa kuuza mkate, mwingine kwa kushona. Ninyi mnaojua uzito wa feza ya wenzako mtaelewa kwa nini hatukulala vizuri tangu siku ya kwanza.

Toka Lubumbashi hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 2000. Mnavuka mipaka miwili: Kasumbalesa kwa kuingia Zambia, na Nakonde kwa kuingia Tanzania. Mamkubwa mmoja wa chama chetu alituambia kwamba wakati wake walipenda gari la moshi la TAZARA, lile ambalo Wachina walisaidia kujenga, likamalizika mwaka 1975. Linatoka Kapiri Mposhi hadi Dar, kilometa 1860, na mama anaweza kunyoosha miguu na kupika urafiki na jirani wa kiti. Sisi tulichagua basi, kwa kuwa tulifikiri tutafika haraka.

Kasumbalesa tulianza kulipa kabla hata hatujatoka nchini mwetu. Makaratasi yalikuwa kamili: pasporti, na karti ya njano ya chanjo. Lakini mtu mmoja mwenye madaraka alizishika pasporti zetu mkononi, akatazama mbingu, akauliza kama hatuna madesu ya watoto. Tulitoa. Mwanamke anayesafiri na feza ya wenzake hana nguvu ya kugomba wakati basi linapiga honi.

Upande wa Zambia tulipumua. Pale Chililabombwe na Chingola Kibemba kilitusaidia, maana ni kile kile tunachokisikia huku kwetu. Mama mmoja muuza mihogo ya kuchoma alipotusikia alituita «bamayo» na kutuongezea kipande. Kitu kidogo, lakini unapokuwa mbali na nyumbani, kipande cha muhogo cha bure kinakuambia: hapa nako wanaishi watu.

Shida ilianza usiku wa pili. Mama Mapasa alianza kutetemeka. Tulimfunika vitenge vyetu vyote, tukasema ni baridi ya milima. Asubuhi, tulipofika mpakani, alitapika mbele ya dirisha la wahamiaji, na alipovuka upande wa Tunduma hakuweza tena kusimama. Tulimlaza juu ya benchi ya mama mmoja anayepikia abiria na madereva chakula kando ya barabara. Kule wanamwita mama ntilie.

Tuliomba basi lingoje. Mwenye basi alisema hapana. Mizigo ya watu wengine imo ndani, muda umekwisha, anayebaki abaki. Hatutaji kampuni yake. Tunachotaka kusema ni hiki, na ndicho kilichotufunga midomo muda wote huu: mmoja wetu angepaswa kubaki, na hakuna aliyebaki.

Tulijipa sababu. Feza ya wamama 12 haiwezi kubebwa na mtu mmoja peke yake katika mji asioujua. Ni malaria tu, kesho atapona na kutufuata. Sababu zilikuwa nzuri, lakini tulipopanda basi hatukuweza kutazamana. Yule mama wa chakula ndiye aliyetufungulia njia. Alifuta mikono kwenye kanga yake akasema: «Niachieni, dada zangu. Nyinyi nendeni, mtamkuta hapa hapa.» Aliandika namba ya simu yake juu ya kipande cha karatasi. Hatukujua jina lake. Tulimwachia mtu wetu kama vile mtu anavyoacha mwavuli.

Dar tulifika tumechoka, katika kituo kikubwa cha Mbezi, na joto lilitupokea kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri. Karti zetu za simu za Kongo hazikufanya kazi, na siku mbili zilipita bila habari ya Mama Mapasa. Kariakoo ni bahari ya watu. Kijana mmoja alijitolea kutubebea furushi la mikoba, akaingia katika kichochoro, na mpaka leo hatujamwona tena. Siku hiyo hiyo, mwenye duka la vitenge alituita turudi tulipokuwa tumekwisha kutoka: tulikuwa tumechanganya noti za shilingi na kumlipa zaidi. Alihesabu mbele yetu na kuturudishia iliyozidi. Mwizi na mwaminifu walikuwa katika barabara moja, na sura zao hazikututangulizia lolote.

Lugha nayo ilitufundisha unyenyekevu. Sisi tulifikiri: Kiswahili tunajua, shida iko wapi? Katika gesti tuliyolala kulikuwa na jiko la kupikia, tukaomba makala. Msichana wa pale alitazama huku na huku, akatuletea gazeti. Kwao makala ni habari iliyoandikwa, na makala yetu ya kupikia wao wanaita mkaa. Bukari ni ugali, sombe ni kisamvu, lengalenga ni mchicha. Tulipomweleza askari wa barabarani kwamba «tulikamata basi», alicheka akauliza kama basi lilikuwa limeiba nini, maana kule kukamata ni kazi ya polisi. Na kila mtoto alitusalimia «Shikamoo», nasi tukajibu «Jambo», mpaka bibi mmoja akatufundisha kwa upole kwamba jibu ni «Marahaba», na kwamba sisi pia tunapaswa kumpa yeye shikamoo yake. Hakutucheka. Alitushika mkono na kutufanya turudie.

Siku ya tatu tulipata karti ya simu ya Tanzania na kupiga ile namba. Sauti ya Mama Mapasa ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake. Mmoja wetu alilia pale pale katikati ya soko, na muuza ndizi akamsogezea ndoo yake akae.

Sasa yaliyopita Tunduma, kama yeye mwenyewe alivyotusimulia.

Basi lilipoondoka, yule mama alifunga chakula chake kabla ya saa, akamwachia binti yake masufuria, akampakia mgonjwa kwenye pikipiki, yeye nyuma akimshika asianguke. Kwenye zahanati damu ilipimwa: malaria, na mwili umekauka maji. Alikaa naye mpaka serumu ikaisha. Mama Mapasa alipofungua mfuko wake ili alipe, aliambiwa imekwisha kulipwa.

Nyumba ya mama huyo ni vyumba viwili. Watoto wanne. Walihamia chumba kimoja, mgeni akapewa kitanda chenye chandarua. Usiku wa kwanza Mama Mapasa alifunga feza yake kiunoni na hakulala, si kwa ugonjwa tu, bali kwa hofu. Usiku wa manane alisikia mlango unafunguliwa polepole. Akashika kiuno. Ilikuwa binti wa nyumba, ameleta maji ya uvuguvugu kwa sababu alimsikia akikohoa. Mama Mapasa anasema aibu ile ilimuumiza kuliko malaria.

Mnajua methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu hakuna aliyempa jembe. Alilichukua mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda akamenya vitunguu, siku ya nne akaosha sahani, siku ya tano akapika sombe kwa namna yetu, na madereva wa malori wanaotoka Kolwezi na Likasi wakashangaa: «Leo Tunduma imekuwa Kongo!» Wakaongeza sahani.

Siku ya sita, jioni, Mama Mapasa aliuliza swali lililokuwa likimsumbua: «Kwa nini ulinichukua? Hukunijua.» Yule mama hakusema neno la dini wala la hekima. Alijibu kwa swali: «Kwani mimi ningeanguka kwenu, mngeniacha?»

Mama Mapasa alijibu haraka: «Hapana.» Lakini neno lilimkwama kooni.

Kwa nini? Kwa sababu yeye, na sisi pia, tunauza kando ya barabara ya Kasumbalesa. Malori yanayobeba shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam hupanga mstari siku kwa siku, na madereva, wengi wao Watanzania, hulala chini ya magari yao. Ndoo ya maji ya kuoga, mwenzetu mwenyeji tunamwuzia bei moja. Yule anayesema «naomba maji, dada» tunamwuzia mara mbili. Tunaijua sauti ya mgeni, na tunaipandishia bei. Mwaka jana, msimu wa mvua, dereva mmoja aliomba alale kibarazani kwa mmoja wetu kwa kuwa alikuwa na homa. Aliambiwa hapa si hospitali. Hatujui kilichompata baadaye. Aliyemjibu hivyo ni mmoja wa wawili wanaoandika maneno haya.

Tuliporudi kutoka Dar tulimkuta Mama Mapasa anatungoja kwenye benchi ile ile, amevaa kanga ya kupewa. Tulianza kuomba msamaha kabla hatujakaa. Yeye alisema: «Kuleni kwanza.» Tulimpa mwenye nyumba feza, akakataa. Tulimpa kitenge kimoja cha biashara yetu, akakirudisha akisema mali ya likelemba si yetu ya kutoa. Alisema kweli. Alikubali kitu kimoja tu: tumfundishe binti yake kupika sombe yetu.

Wapenzi wasomaji, hatukuandika haya ili mlie. Katika mkutano uliofuata tulieleza yote mbele ya chama, pamoja na mikoba iliyoibiwa, na tukakubaliana mambo ambayo sasa ni sheria yetu.

Kwanza, wanaosafiri wasiwe chini ya watatu, na mgonjwa asiachwe peke yake. Anayebaki naye hatadaiwa hasara ya biashara. Sehemu ndogo ya kila likelemba itawekwa kando kwa ajili hiyo.

Pili, kila msafiri achukue karti ya njano, kopi za pasporti zilizowekwa mbali na pasporti yenyewe, na namba za simu zilizoandikwa juu ya karatasi, maana simu huibiwa au huzimika. Feza igawanywe sehemu mbalimbali za mwili na mzigo. Noti za dola ziwe mpya na safi, kwa kuwa za zamani au zenye mpasuko zitawasumbua. Mwenye homa kabla ya safari apimwe hapa nyumbani; malaria ile Mama Mapasa alitoka nayo huku.

Tatu, na hili ndilo lililoleta kelele nyingi mkutanoni: maji na chakula tunavyouza kando ya barabara viwe na bei moja kwa kila mtu. Mama mmoja alisimama akauliza kama chama kitalipa karo ya watoto wake. Lilikuwa swali la haki, kwa kuwa faida ile ndogo ilikuwa chumvi ya nyumba nyingi. Tulibishana mpaka jua likashuka. Mwishowe tulipiga kura, na bei moja ikashinda kwa sauti chache tu. Si wote wanaoifuata. Tunasema ukweli.

Lakini sikieni hili. Mama Mapasa alinunua kitenge kwa feza yake mwenyewe, cha maua mekundu, akakifunga ndani ya mfuko pamoja na vitabu vya kuandikia vya watoto. Hakuwa na njia ya kukituma. Akamwendea dereva mmoja Mtanzania aliyekuwa katika mstari, ambaye kwa siku tatu alikuwa akinunua maji kwake kwa bei ya mwenyeji, akamweleza benchi iko wapi. Dereva hakuomba kitu. Alisema tu: «Huyo mama namjua, mimi hula kwake.»

Siku kumi zilipita. Wengine tulisema kitenge kimepotea kama mikoba yetu. Halafu simu ikalia wakati tupo kwenye mkutano, Mama Mapasa akaweka sauti wote tusikie. Kulikuwa na kelele za malori na masufuria.

«Kimefika,» yule mama alisema. «Na sombe imekubali. Sasa wananiita Mama Kongo.»