Mdudu Mdogo, Hasara Kubwa

Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Katika bustani zetu yupo mdudu asiyefikia ukubwa wa punje ya mchele, ambaye wengi humpuuza mpaka miche imekwisha. Ni wa jamii ya mbawakavu, na akiguswa huruka kama kiroboto. Mwenye kulima sukuma wiki huko Singe, mjini Babati, na mwenye kulima bamia hapa Visiwani, wote watamtambua kwa alama moja: majani yenye vitundu vingi vidogo, kana kwamba yamechomwa sindano. Hata maua ya jamii ya bamia hayasalimiki.

Jambo hili si la mkulima peke yake. Mboga nyingi zinazouzwa katika masoko ya Visiwani huvuka bahari kutoka Bara. Sumu inayonyunyizwa ovyo huko yaweza kufika katika sahani za huku.

Ni muhimu kwanza kufahamu kwamba mdudu huyu ni hatari zaidi kwa mche mchanga. Mmea uliokwisha komaa huweza kustahimili vitundu vichache, wala hauhitaji dawa. Kwa hiyo ulinzi uanze kitaluni. Kitalu kifunikwe kwa chandarua chenye matundu madogo, na kingo zake zifukiwe udongoni. Lakini kisiwekwe mahali palipokuwa na mboga za jamii ile ile, kwa kuwa mayai hutagwa ardhini na viluwiluwi hula mizizi. Adui atazaliwa ndani ya chandarua chenyewe. Magugu na masalia ya mavuno yaondolewe, mazao yabadilishwe kila msimu, na miche imwagiliwe ipate kukua upesi, maana ukame humpa mdudu huyu nguvu.

Ikiwa bado anazidi, mwarobaini tunao. Mbegu zake zilizotwangwa, kiasi cha gramu 50 kwa lita moja ya maji, hulowekwa usiku kucha, huchujwa, na kunyunyizwa jioni, kwa sababu jua kali huondoa nguvu zake. Mvua ikinyesha, kazi irudiwe.

Tunalolilaani ni tabia ya kununua dawa iliyomiminwa katika chupa za soda, isiyo na jina wala maelezo. Mnunuzi hajui kipimo, wala hajui siku ngapi zipite kabla ya kuchuma. Sumu hiyo huua nyuki, na ikitumiwa mara kwa mara humzoesha mdudu mpaka asidhurike tena. Anayebaki kudhurika ni mlaji.

Mwaka 1972 Azimio la Iringa lilitangaza kwamba siasa ni kilimo. Kilimo hicho si cha pamba na kahawa tu. Bustani ya mchicha nayo ni kilimo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina makao yake Arusha, si mbali na Babati. Tunawaomba viongozi wahakikishe kwamba elimu iliyopo huko inafika Singe, na wenzao wa Visiwani wafanye vivyo hivyo katika mashamba yetu. Bwana shamba aonekane kitaluni miche ingali na majani mawili. Akija baada ya hapo, atakuta vijiti vitupu na mkulima aliyekwisha kwenda kununua chupa isiyo na jina.